Mguu Uliokopesha Moyo

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo mwalimu mmoja mstaafu wa Njoro aliifundisha kwa muda wa miaka 31. Kila mwaka aliiandika ubaoni, akawataka wanafunzi wa kidato cha pili waitungie kisa, kisha akavisahihisha visa hivyo kwa wino mwekundu hadi usiku wa manane. Alikwisha kusoma habari za wafichaji wa kila aina: waliowaficha wazazi homa, waliowaficha waume vidonda, waliowaficha majirani kifua kikuu. Hakuwahi kudhani kwamba naye angekuwa na kisa chake, na kwamba kisa chenyewe kingeandikwa mguuni.

Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka 2019. Mwalimu alikuwa amerejea nyumbani wiki mbili tu zilizopita kutoka hospitali moja ya Nairobi alikofanyiwa upasuaji wa moyo. Mvua za vuli msimu huo zilipita kiasi kote Afrika ya Mashariki. Mto Njoro, unaoteremka kutoka msitu wa Mau, ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa na kupiga mbio kuelekea Ziwa Nakuru. Mwalimu aliketi barazani, blanketi magotini, mguu wa kushoto juu ya kigoda. Kila alipomwona mgeni akifungua lango, aliuteremsha mguu ule upesi, akaukanyagisha sakafuni na kulitengeneza blanketi lake. Kwa maoni yake, haikuwa adabu mtu mzima kumwelekezea mgeni wayo.

Na wageni hawakukatika. Gharama za upasuaji zilikuwa zimepita uwezo wa familia. Ng'ombe wawili wa maziwa waliuzwa, lakini fedha zao hazikufika hata robo ya safari. Ndipo ukafanywa mchango. Walichanga walimu wenzake wa zamani, wanafunzi wake waliosambaa kutoka Molo hadi Naivasha, kanisa lake, chama cha wakulima wa viazi, na hata wahudumu wa matatu za Nakuru ambao aliwahi kuwachapa kwa kuchelewa shuleni. "Mtu aliyekuchangia shilingi mia mbili ana haki ya kuja kukutazama uso," alimwambia mkewe. Basi waliwasili asubuhi, mchana na jioni, naye akawapokea wote akiwa ameketi wima, miguu chini, kama mwenyekiti wa mkutano usiofungwa.

Ili msomaji afahamu kwa nini adabu ile ilikuwa na hatari ndani yake, hana budi kwanza kufahamu mguu ule ulikuwa umetoa nini. Moyo, ingawa hupitisha damu ya mwili mzima, haujilishi kwa damu inayopita vyumbani mwake. Una ateri zake maalumu zinazouzunguka kwa nje na kuipelekea misuli yake damu yenye oksijeni. Ateri hizo zinapojengeka utando wa mafuta na chokaa, njia huwa nyembamba, na mwenye moyo huanza kubanwa na kifua apandapo kilima. Mwalimu alibanwa kwa muda wa mwaka mzima, akadhani ni kiungulia. Vipimo vilipofanywa, ateri tatu zilionekana kuwa karibu kuziba.

Katika upasuaji wa namna hii, daktari hazizibui ateri hizo. Hutengeneza njia ya kando, kama vile mafundi wa barabara wanavyofanya daraja linapoanguka: gari hupinda, hulipita pengo, kisha hurudi katika barabara kuu. Njia hiyo hujengwa kwa mshipa wa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1964, huko Leningrad, Vasilii Kolesov aliutumia mshipa wa ndani ya kifua. Mwezi wa Mei mwaka 1967, katika Cleveland Clinic nchini Marekani, René Favaloro aliutumia mshipa wa mguuni, na kazi yake ndiyo iliyoifungulia tiba hii njia ya kuenea ulimwenguni. Favaloro alikuwa Mwajentina ambaye, kabla ya kwenda Marekani, alitumikia kwa miaka mingi kama daktari wa kijijini katika mji mdogo wa Jacinto Arauz. Jambo hilo lilimpendeza mno mwalimu aliposimuliwa. Alisema kwamba hakika ni mtu wa shamba tu angeweza kufikiria kuhamisha mfereji kutoka shamba la chini ili kunywesha shamba la juu.

Mshipa unaochukuliwa mguuni ndio vena ndefu kuliko zote mwilini. Huanzia upande wa ndani wa kifundo cha mguu, ukapanda kando ya muundi na goti, ukapita pajani hadi kwenye kinena. Jina lake la kitabibu ni vena ya safena, na asili ya jina hilo ina mvutano ambao wapenzi wa isimu wataufurahia. Wapo wanaolirejesha kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilicho wazi, kwa kuwa mshipa huo huonekana chini ya ngozi ya kifundo. Wengine hulirejesha kwenye neno la Kiarabu, safin, wakalieleza kwa maana ya kilichofichika, kwa kuwa sehemu yake kubwa haionekani. Kilicho wazi na kilichofichika: mwalimu angeishi na maana zote mbili kabla mwaka haujaisha.

Mwili hauupungukiwi mno mshipa huo, kwa maana zipo vena nyingine za ndani zaidi ambazo hubeba sehemu kubwa ya damu irudiyo moyoni. Hata hivyo, njia moja imeondolewa, na vijia vidogo vya majimaji vilivyo kandokando yake hukatwakatwa wakati wa upasuaji. Damu ya mguuni nayo hupanda kinyume na mvuto wa ardhi. Husaidiwa na vilango vidogo ndani ya vena, na kwa kukazwa na misuli ya shavu la mguu kila mtu anapopiga hatua. Mtu akiketi siku nzima miguu chini, misuli hiyo hulala, damu hutuama, na maji hujipenyeza kutoka mishipani hadi kwenye nyama. Kifundo hupotea. Soksi huacha alama kama pete. Hilo ni jambo la kawaida kwa wengi waliopasuliwa hivyo. Huweza kuendelea kwa wiki kadhaa, pengine miezi, na dawa yake kubwa ni kujua namna ya kuishi nalo. Dawa ya deni kulipa, na mguu uliokopesha moyo nao hudai kwa subira.

Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, mwalimu alipewa bahasha ya dawa na karatasi mbili za maagizo. Karatasi zote mbili zilikuwa za Kiingereza. Muuguzi alizisoma kwa haraka, akauliza kama kuna swali, na mwalimu, ambaye maisha yake yote aliwahimiza wanafunzi waulize maswali, akajibu kuwa hana. Mkewe, aliyefahamu Kikuyu na Kiswahili barabara, na ambaye ndiye angempikia, angemfunga soksi na kumhesabia vidonge, hakuambulia neno hata moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lakini katiba haikufika katika bahasha ile.

Safari ya kutoka Nairobi hadi Njoro ni ya kilomita zipatazo 180. Binti yao wa mwisho, mwanafunzi wa Kiswahili chuoni, ndiye aliyekuwa amezisoma karatasi zile kwa makini, akaona kwamba mgonjwa asiketi muda mrefu bila kusimama. Alimwomba dereva asimame baada ya kila saa moja hivi. Walisimama juu ya bonde, mahali ambapo Mlima Longonot huonekana kama chungu kilichofunikwa, mwalimu akatembea hatua chache huku amekumbatia mto mdogo kifuani ili akikohoa mfupa wa kidari usitikisike. Walisimama tena Naivasha. Waliposimama Kikopey, moshi wa nyama choma ukamjia puani, na kachumbari yenye chumvi ikamwita kwa jina. Alitembea, akavuta harufu, akarudi garini. Hiyo ilikuwa karamu yake.

Usiku wa kwanza nyumbani, binti alikaa na taa na daftari, akaanza kutafsiri. Hapo ndipo alipogundua kwamba kujua lugha mbili hakutoshi kumwokoa mgonjwa. Agizo la kwanza aliliandika hivi: "Inua mguu mara kwa mara." Mama yake alipolisoma asubuhi alicheka hadi machozi yakamtoka. "Kwani anachelewa wapi?" aliuliza. "Sisi tukimwambia mtoto inua mguu, tunamwambia aharakishe." Hata mwalimu mwenyewe, alipolielewa kwa maana iliyokusudiwa, aliliona limetimizwa na kigoda cha barazani ambacho hakikupita urefu wa goti. Binti alilifuta. Akaandika upya: "Lala chali kitandani. Weka miguu juu ya mito hadi iwe juu kuliko usawa wa moyo. Kaa hivyo kwa dakika 30, mara tatu au nne kwa siku. Ukiketi, usikunje miguu kwa kupandanisha goti juu ya goti."

Neno "mshipa" nalo lilileta kizaazaa. Kiswahili cha kila siku huliita mshipa kila kijia cha mwilini: kinachopeleka damu, kinachorudisha damu, hata kile kinachopeleka hisia. Isitoshe, kwa watu wengi mshipa ni ule ugonjwa wa wanaume wa kuvimba sehemu za siri. Jirani mmoja mzee, aliposikia kwamba mwalimu "ametolewa mshipa", alimvuta kando mkewe mwalimu na kumpa pole ya chini kwa chini, akimhakikishia kwamba maradhi hayo hayana aibu. Tangu siku hiyo binti aliandika "ateri" kwa njia iendayo na "vena" kwa njia irudiyo. Kwa uvimbe alikuwa na hazina kubwa zaidi. Kuvimba, kufura, kutuna, kuumuka: kila neno lina mahali pake. Unga huumuka, mtu hufura kwa hasira, shavu hutuna kwa tonge. Aliamua kutumia "kuvimba", akaongeza kitenzi ambacho kilimpendeza kuliko vyote, "kubonyea": "Bonyeza kwa kidole juu ya muundi kwa sekunde tano. Ngozi ikibonyea na kishimo kikabaki, hayo ni maji. Andika daftarini ni mguu upi, na kishimo kimefika wapi."

Maagizo yaliyobaki aliyapanga kwa namba na kuyabandika jikoni. Atembee kila siku, mwanzo dakika tano, kisha azidishe kidogo kidogo. Avae soksi za kubana asubuhi kabla ya kuteremka kitandani, kwa kuwa wakati huo mguu haujajaa, azivue wakati wa kulala. Soksi hizo zisinunuliwe kwa kubahatisha. Mwenye kisukari, au mwenye ateri nyembamba miguuni, hupimwa kwanza, maana mguu usiopata damu ya kutosha huweza kuumizwa na kubanwa. Asinyanyue kitu kizito mpaka mfupa wa kidari upone. Apimwe uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula. Ukiongezeka kwa zaidi ya kilo moja kwa siku moja, au zaidi ya kilo mbili kwa wiki, daktari apigiwe simu. Na chumvi ipunguzwe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.

Mkewe mwalimu aliichukua kopo la chumvi akaliweka juu kabisa ya kabati. Alipika mboga bila chumvi, viazi bila chumvi, mayai bila chumvi, na mwalimu akavila kama mtu anayetumikia kifungo. Lakini maharagwe na mahindi hayakubadilishwa, kwa kuwa hayakuwahi kutiwa chumvi nyingi. Yalitiwa magadi ili yaive upesi na kuni zisiharibike bure. Hakuna aliyefikiri kwamba magadi, ambayo katika Bonde la Ufa ni kitu cha nyumbani kama maji, yana sodiamu sawa na chumvi, na ni hiyo sodiamu inayoyazuia maji mwilini. Aidha, mchuzi ulikolezwa kwa viungo vya pakiti, navyo vimejaa chumvi isiyoonekana. Kilicho wazi kilikuwa kimeondolewa. Kilichofichika kilibaki chunguni.

Wiki ya tatu ilipoanza, mvua ilikuwa haijakatika. Kutembea nje kuliwezekana kwa nadra. Wageni walikuja na miavuli. Rafiki mmoja wa siku nyingi alileta mafuta ya kuchua, akaushika mguu wa kushoto kwa mapenzi na kutaka kuukanda shavu lake hadi uvimbe "ushuke". Binti alimzuia kwa heshima. "Baba, shikamoo, samahani. Kama kuna damu iliyoganda ndani, kuikanda kunaweza kuing'oa ikaenda mapafuni." Mwingine alishauri maji ya moto yenye chumvi, akaambiwa kwamba jeraha bado bichi. Mzee wa mafuta alinung'unika kuwa siku hizi watoto wamekuwa madaktari. Mwalimu alicheka pamoja naye, akateremsha mguu.

Katika daftari la uzito, lililoachwa mikononi mwake kwa kuwa alikuwa mwalimu na mwandiko wake ulikuwa mzuri, tarakimu zilikwenda vizuri: kilo 68, kilo 68, kilo 68 na robo, kilo 68. Binti alizipitia kila Jumamosi arudipo kutoka chuoni. Jumamosi ya tatu alizitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mizani yao ilikuwa ya bei nafuu, iliyonunuliwa mjini Nakuru, na ilikuwa na tabia ya kuyumba hata mtu asipokula. Siku kumi mfululizo haikuyumba. Tena wino ulikuwa wa aina moja, wa kukaa mara moja na kuandika mistari mingi. Alikuwa amekua akimwona baba yake akizitambua kazi za kunakiliwa kwa dalili ndogo kama hizo.

Aliileta mizani sebuleni, akaiweka mbele ya kiti chake. "Baba," alisema, "naomba usimame hapa."

Mwalimu alimtazama mkewe, akaitazama mizani. Alisimama taratibu. Sindano ikapanda, ikatulia kwenye 72.

Hakuna aliyesema neno. Mkewe alipiga magoti, akazivuta soksi zote mbili. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, hilo walilijua. Lakini hata wa kulia, ambao haukuguswa na kisu, ulikuwa umevimba hadi chini ya goti. Alibonyeza kwa kidole gumba kama alivyofundishwa na karatasi ya jikoni. Kishimo kilibaki, kikajaa kivuli.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Siku nane," akajibu. Baadaye kidogo akaongeza kwamba usiku hakuwa akilala kitandani tena kwa sababu pumzi ilimkata alalapo chali. Alikuwa akisubiri wao walale, kisha anakuja kuketi sebuleni hadi alfajiri. Mkewe alikuwa amedhani anaamka mapema kusali.

"Kwa nini, Mwalimu?"

Alichukua muda kujibu. "Watu wamechanga," alisema. "Sikutaka kuwa mtu wa kuchangiwa mara mbili."

Usiku huo huo walimpeleka hospitalini mjini Nakuru. Gari liliteremka polepole kwenye mvua, taa za mji zikitetemeka mbele. Daktari wa zamu alikuwa kijana. Alimsikiliza mapafu kwa muda mrefu mgongoni, akamchoma sindano ya dawa ya kutoa maji, akaagiza damu ipimwe na moyo upigwe picha kwa mawimbi ya sauti. Mguu wa kushoto nao ulitazamwa kwa mawimbi hayo kuona kama kuna damu iliyoganda. Haikuwapo. Moyo ulikuwa ukisukuma kwa udhaifu kuliko ilivyotarajiwa, na maji yalikuwa yameanza kukusanyika mapafuni.

Asubuhi yake kijana yule aliketi kwenye ukingo wa kitanda akawaeleza wote watatu kwa Kiswahili. Uvimbe wa mguu mmoja, ule uliotolewa mshipa, ambao hupungua mtu alalapo na kurudi jioni, ni wa kungojewa na kutunzwa. Shavu la mguu mmoja likiwa na maumivu makali, moto na wekundu, hiyo yaweza kuwa damu iliyoganda, na haifai kungojewa. Jeraha likitoa usaha na homa ikapanda, hiyo yaweza kuwa maambukizo. Lakini miguu yote miwili ikivimba, uzito ukapanda, na pumzi ikakatika mtu alalapo, hapo si mguu unaosema. Ni moyo unaousema kupitia mguu. Na kama pumzi ikikatika ghafla au kifua kikachoma, watu wasiulizane. Waende hospitalini saa hiyo hiyo. Aliongeza kwamba zipo hata dawa za shinikizo la damu ambazo huvimbisha vifundo, kwa hivyo mgonjwa aje na vidonge vyake vyote, wala asiache kimoja kwa kujiamulia.

Kisha akamgeukia mwalimu. "Mzee, unajua Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Mito inaingia, Njoro, Makalia, Nderit, lakini maji hayana mlango. Yanangoja jua tu. Mvua ikizidi, ziwa linapanda juu ya watu. Mwili wako una mlango. Ila mlango huo unafunguliwa na taarifa. Usipotuambia, unakuwa ziwa."

Mwalimu hakupenda kufundishwa kwa tashbihi na kijana wa umri ule, lakini alikiri moyoni kwamba tashbihi ilisimama. Kwa miaka kadhaa tangu takriban 2010 ziwa lile lilikuwa likipanda. Lilikuwa limekwisha kulimeza lango kuu la zamani la mbuga. Katika mwaka uliofuata liliendelea kupanda hadi familia za Mwariki na Baruti zikahama nyumba zao. Mji ambao jina lake kwa asili ya Kimaasai huelezwa kuwa ni mahali pa vumbi ulikuwa ukijifunza kuishi na maji.

Alikaa wodini siku nne. Maji yalitoka, uzito ukashuka hadi kilo 68 na nusu, dawa zikarekebishwa, potasiamu ya damu ikapimwa mara kwa mara kwa sababu dawa ya kutoa maji huweza kuipunguza. Mtaalamu wa lishe ndiye aliyeuliza maharagwe yao huivishwa kwa nini. Mkewe mwalimu aliposema magadi, akashika kinywa. Walirudi nyumbani na magadi yakapanda kabatini kukaa na chumvi. Maharagwe yakaanza kulowekwa tangu usiku, na chungu kikakolezwa kwa dania, kitunguu saumu na ndimu.

Hakukuwa na mchango wa pili. Bima ya taifa ya wakati ule ililipa sehemu kubwa ya siku zile nne, na kilichobaki kililipwa na kitu ambacho mwalimu hakukitarajia: mzee wa mafuta ya kuchua aliuza gunia zake za viazi, akaleta fedha, akaziweka mezani bila hotuba. "Sisi hatukukuchangia uwe mwenye afya," alisema. "Tulikuchangia uwe hai. Ukificha, unatudhulumu." Mwalimu aliinamisha kichwa. Katika visa vyote alivyowahi kuvisahihisha, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuieleza methali ile kwa upande huo: kwamba mficha maradhi hajifichi mwenyewe tu, huwanyima wenziwe nafasi ya kumsaidia.

Mwezi wa Januari mwaka 2020 alikuwa akitembea hadi kwenye daraja la mto na kurudi, asubuhi na jioni. Mguu wa kushoto bado ulivimba kidogo ifikapo saa kumi na moja jioni, ukabaki na pete ya soksi. Kulipokucha kifundo kilionekana tena, mfupa wake umesimama. Wa kulia haukuvimba. Katika daftari alipitisha kalamu nyekundu juu ya mistari ile kumi, akaandika pembeni, kwa mwandiko wake ule mzuri, "Si kweli." Chini yake alianza upya: kilo 68, kilo 68 na nusu, kilo 67 na robo tatu. Tarakimu zikayumba kama zinavyoyumba za watu wote.

Aliyapitia pia maagizo ya jikoni. Alirekebisha upatanisho wa kisarufi katika sehemu mbili, akaongeza mstari mmoja kuhusu magadi, kisha akamwomba binti apige chapa nakala kadhaa. Moja ilipelekwa kwa mama mmoja wa Elburgon ambaye mumewe alikuwa ametoka kupasuliwa. Nyingine mzee wa viazi aliikunja na kuitia mfukoni, ingawa moyo wake haukuwa na shida yoyote. Alisema mtu hajui.

Alasiri moja, jua limerejea, mgeni alifungua lango. Alikuwa mwalimu mkuu wa zamani, mtu wa heshima zake, mwenye koti na tai. Mwalimu alikuwa amelala kwenye kochi lililosogezwa barazani, miguu yake yote miwili juu ya mito mitatu, nyayo zimeelekea langoni. Mkewe alitazama kutoka dirishani. Mguu wa kushoto ulitikisika kidogo, kama unaotaka kuteremka.

"Karibu, Mwalimu Mkuu," alisema. "Vuta kiti ukae huku kichwani. Nimebakisha dakika kumi na tano."